Siku za Mwisho za Masomo Ultuna

Jumatatu, 26 Mei 2025

Leo darasa letu limekwenda shambani kwa mara ya mwisho. Nimetoka Flogsta na baiskeli yangu kuukuu, nikaukata mji wa Uppsala, kisha nikafuata njia ya kando ya mto Fyris kuelekea kusini mpaka Ultuna, kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Uswidi. Wenyewe hukiita SLU. Kilimo kinafundishwa Ultuna tangu 1848, ingawa chuo kwa muundo wake wa sasa kilianza 1977. Mimi nasomea sayansi ya udongo Morogoro, na huku nimekuja kwa muhula mmoja tu, chini ya mpango wa kubadilishana wanafunzi. Muhula wenyewe ndio huu unaokatika.

Shamba tulilokwenda kuliaga ni dogo sana. Mgeni angepita barabarani akadhani ni bustani ya mboga ya shule. Ni vijishamba vya mita mbili kwa mbili, kila kimoja kimezungushiwa mbao. Lakini jaribio hili lilianza mwaka 1956 na halijakatishwa mpaka leo. Kila baada ya miaka miwili vijishamba hulishwa: hiki samadi, kile mabua ya nafaka, kingine majani mabichi, kingine vumbi la mbao, kingine mboji ya kinamasi, kingine tope la maji taka. Kiasi hupimwa kwa kaboni iliyomo, ili kimoja kisimzidi mwenzake. Vipo vinavyopata mbolea ya viwandani peke yake. Na vipo ambavyo havijapandwa kitu tangu 1956. Kazi yake ni kukaa wazi, magugu yanang'olewa, ili ijulikane udongo usiolishwa unapoteza nini.

Nilichuchumaa penye mpaka wa kijishamba kilicho wazi na kile cha mboji ya kinamasi. Mwaka wa kwanza vyote vilikuwa na kaboni asilimia 1.5, vikiwa usawa mmoja. Sasa kilicho wazi kimeshuka ndani ya mbao zake, na cha mboji kimenyanyuka na kuwa cheusi. Macho matupu yanaona. Mwalimu alikuwa amechukua sampuli kidogo na kutuwekea kwenye sinia, tushike. Donge la udongo ulioachwa wazi lilikuwa la kijivu, gumu; nilipolifinya lilipasuka vipande vyenye ncha. La samadi liliachana lenyewe kiganjani, punje kwa punje, na ndani yake alikuwamo nyungunyungu mwembamba aliyejikunja. Nilimrudisha shambani mwenyewe.

Tangu mwaka 2000 zao la hapa ni mahindi, ya kulisha ng'ombe. Yamechipua majuzi tu, majani mawili matatu. Kwenye vijishamba vya mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, yamenyong'onyea na kugeuka njano, na hatua mbili tu pembeni, kwenye samadi, yamesimama kijani kibichi. Niliyatazama kwa muda mrefu, kwa sababu nimekulia bonde la Mlalo, Lushoto, na SA naijua kwa rangi na harufu. Ipo kila duka la pembejeo.

Jambo lingine lilinikaa rohoni njia nzima ya kurudi. Mwaka 1946, miaka kumi kabla ya mbao hizi kuchomekwa ardhini, serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo wa bonde letu la Mlalo. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye mashamba yao. Walipinga, na katika miaka ya 1950 mpango ukafa. Babu aliyachimba matuta hayo akiwa kijana, na mpaka uzeeni alikuwa akiyataja kwa hasira. Hakuna aliyemweleza kilichopimwa, wala alichopaswa kukitazama shambani mwake ili ajue kama kazi yake imezaa kitu. Sisi Mlalo tulipewa amri. Ultuna walipewa daftari, na kila mwaka likapata wa kulijaza.

Jumanne, 27 Mei

Maabara kutwa. Tumechoma sampuli za mwisho kwenye mashine ya kupimia kaboni: udongo uliokaushwa na kusagwa huingizwa katika joto kali, gesi inayotoka ikapimwa. Kazi inachosha, mizani ni ya miligramu na mkono haupaswi kutikisika. Namba zimetoka safi.

Jumatano, 28 Mei

Jioni nimeanza kutoa vitu vyangu jikoni. Flogsta tunaishi kwenye ukumbi wenye vyumba vya mtu mmoja mmoja na jiko la wote. Dirishani pa jiko hilo kuna chungu cha ua dogo la zambarau, majani yake mazito yenye manyoya laini. Nililiona siku niliyofika, katika baridi ya Januari, na nilisimama hapo na sanduku mkononi. Lile ua ni la kwetu.

Ni Saintpaulia, ua la milima ya Usambara. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipata huko na kupeleka mbegu kwao. Mbegu zikafika Hanover kwa Hermann Wendland, aliyekuwa mkuu wa bustani za Herrenhausen, naye mwaka 1893 akalielezea kisayansi na kulipa jina la huyo Baron. Tangu hapo limeenea madirishani mwa Ulaya nzima. Kwao, kwenye miamba yenye kivuli huko Amani na misitu ya jirani, linazidi kuadimika kadiri msitu unavyokatwa.

Jirani yangu, kijana wa Kiswidi anayesomea misitu, alikuta ninalimwagilia kwenye kisahani cha chini, kwa sababu majani yakipata maji ya baridi yanatoka madoa. Aliniambia chungu hicho kilitokana na jani moja la ua la bibi yake: bibi alilichomeka kikonyo ndani ya glasi ya maji, likatoa mizizi, akampa mjukuu alipokuja kuanza chuo. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya mwamba wa Amani, majani yameng'ang'ania jiwe lenye kuvu la kijani, maji yanachuruzika. Alinyamaza, kisha akaomba nimtumie picha hiyo ampelekee bibi. Nimemtumia, na ramani juu yake. Nataka yule bibi ajue kwamba ua lake lina mlima, na kwamba mlima huo una watu.

Alhamisi, 29 Mei

Sikukuu ya Kupaa Bwana. Chuo kimefungwa, na kesho wengi hawatakuja, wameunganisha na wikiendi.

Nilikwenda makaburi ya zamani ya Uppsala pamoja na mama mmoja wa Lubumbashi tuliyejuana kwenye basi, siku aliponisikia naongea Kiswahili kwenye simu. Ameishi Uswidi miaka mingi. Tulikwenda kwenye kaburi la Dag Hammarskjöld. Alikulia mji huu, katika ngome ile nyekundu iliyo juu ya kilima, kwa kuwa baba yake alikuwa gavana wa jimbo. Alisoma hapa, akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na tarehe 18 Septemba 1961 ndege yake ikaanguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa njiani kwenda kuzungumza na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo la Lubumbashi lililokuwa limejitenga na Kongo, juu ya vita vya huko.

Kaburi ni bamba la jiwe lililolazwa kati ya ndugu zake, halina makuu.

"Huyu alikuwa anakuya juu ya mambo ya kwetu," mama akasema. "Mie nilikuwa bado mutoto mudogo."

Nikamuuliza wazee wake walisema nini wakati ule. Akasema baba yake alizima redio, akafunga mlango, na siku hiyo hakuna mtoto aliyetoka nje. Halafu akainama, akaondoa majani makavu juu ya jiwe, moja moja, bila haraka, kama mtu anayesafisha kaburi la jamaa yake. Nami nikamsaidia.

Tuliporudi alinialika kwake tukala fufu na sombe. Kisamvu hicho amekinunua kimegandishwa, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika. Tulikula kwa mikono, tukazungumza mpaka jua likaelekea kuzama, nalo siku hizi halizami mpaka saa nne kasoro usiku.

Jumatatu hadi Jumatano, 2 – 4 Juni

Siku hizi tatu ni za maandalizi, nitaziandika pamoja.

Kikundi chetu kina watu wanne: mimi, Mswidi kutoka Skåne, Mjerumani mmoja, na dada wa Hawassa, Ethiopia. Mada yetu ni SA na samadi katika jaribio la Ultuna. Tumekaa maktaba tukichora grafu, tukibishana juu ya kila sentensi. Ubishi wa hapa nimeupenda. Mtu anapinga hoja yako mbele ya mwalimu, na saa ya kahawa anakuja kukaa karibu nawe. Mwalimu naye anaitwa kwa jina lake la kwanza tu. Hilo mimi sijalizoea kabisa. Barua pepe zangu zote nimeanza na "Mpendwa Profesa", naye hujibu kwa jina moja, kwa upole uleule.

Vilevile huku hawachanganyi masomo. Unachukua kozi moja, unaisoma kwa wiki kadhaa mpaka iishe, ndipo unaingia nyingine. Nilipokuwa Morogoro nilikuwa na masomo sita kwa mpigo na usiku wa mtihani ndio wa kusoma. Hapa hakuna pa kujificha. Ukija hujasoma, saa ya pili ya semina inakuonyesha.

Jumanne tulijaza fomu ya tathmini ya kozi. Nimependekeza udongo mwekundu wa nchi za joto upewe nafasi kubwa zaidi. Huku baridi huifunga mboji ardhini miezi mingi, hakuna kinachooza. Kwetu joto na mvua haviipi nafasi. Samadi uliyoiweka Machi, mwaka unaofuata ni kama hukuweka. Mwanafunzi wa Ulaya anayekwenda kushauri Afrika lazima alibebe hilo kichwani kabla ya kupanda ndege.

Jumatano jioni mjini kulikuwa na shangwe. Vijana waliomaliza sekondari walipita wamejaa juu ya malori yaliyopambwa kwa matawi ya miti, kofia nyeupe vichwani, wanaimba mpaka sauti zinakauka. Niliegesha baiskeli nikawapungia. Walinipungia wote.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya mwisho ya darasa, na ndiyo siku ya Arafa. Nimefunga.

Saumu ya huku Juni si mchezo. Nilikula daku usiku wa manane, viazi na mayai. Jua lilichomoza baada ya saa tisa na nusu, na kuzama kwake ni karibu saa nne usiku. Zaidi ya saa kumi na nane jua liko juu. Mama alipiga simu mapema.

"Mwanangu, na mtihani huo utaweza?"

"Shikamoo mama. Si mtihani, ni kusimama mbele na kueleza."

"Marahaba. Basi eleza polepole, usiwe na mbio. Nami nakuombea."

Darasa linaanza saa mbili na robo. Hapa saa ikiandikwa mbili, kila mtu anajua ni na robo, ndiyo desturi ya vyuo vyao. Kikundi chetu kilikuwa cha tatu. Mimi nilipewa sehemu ya SA.

Nikaeleza kwamba udongo wa vijishamba hivyo ulianza na pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) ya zaidi ya 6, na sasa imeporomoka kuelekea 4, kwa sababu amonia inapogeuzwa na bakteria kuwa naitreti inaacha asidi nyuma, msimu baada ya msimu, na hakuna chokaa iliyowekwa kuizuia. Asidi ikizidi, alumini huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Mzizi ukichomwa, mmea haufuati maji wala chakula hata kama vipo. Halafu nikaeleza kile kilichogunduliwa hapahapa kwa takwimu za miaka mingi, kilichochapishwa 2011: kaboni inayoingia udongoni kupitia mizizi hugeuka mboji ya kudumu zaidi ya mara mbili ya ile ya mabua na majani yanayofukiwa. Kwa hiyo mbolea inayoua mizizi inamnyang'anya mkulima mara mbili, mavuno ya leo na mboji ya kesho.

Mwalimu akauliza: mkulima wa kwenu angeijuaje hatari hii mapema, kabla majani hayajawa njano?

Nikajibu kwamba kwa hali ilivyo asingeijua. Ananunua mfuko mmoja kwa msimu kwa fedha aliyokopa. Kupima udongo ni safari na gharama, na chokaa ya kilimo haipatikani kila mahali. Isitoshe mavuno ya mwaka wa kwanza na wa pili yanapanda kweli, hivyo ukimwambia mbolea hii inadhuru anakuona huna akili. Kinachoweza kumwonyesha ni kijishamba jirani na chake, chenye mbolea tofauti, alichokiona kwa macho yake tangu mwanzo. Dada wa Hawassa akadakia kwamba kwao ni vivyo hivyo, akaeleza mashamba ya nyanda za juu za Ethiopia yalivyoharibika kwa asidi. Mjadala ukapita muda wetu na hakuna aliyeukata.

Mwalimu alifunga kozi kwa maneno machache. Alisema walioanzisha jaribio mwaka 1956 walitaka kujua habari za rutuba, hawakuwa na wazo la mabadiliko ya tabianchi. Leo namba walizoziandika ndizo zilizotumika kujenga modeli ya ICBM ya mwaka 1997, ya kukokotoa kaboni ya udongo. Sampuli za zamani zimehifadhiwa zikiwa kavu, na mtafiti wa leo anaweza kuzipima upya kwa mashine ambazo hazikuwapo zilipochimbwa. Wale waliochimba hawakujua wanamchimbia nani.

Saa ya kahawa ililetwa keki ya kuagana, ile ya Waswidi iliyofunikwa kwa ganda la kijani la lozi. Mwenzangu wa Skåne anajua nimefunga. Alikata kipande kikubwa, akakifunga vizuri kwenye karatasi, akaniandikia juu yake saa ya jua kuzama. Nilikificha kwenye mkoba kwa uangalifu kuliko kompyuta yangu.

Usiku tulikusanyika jikoni Flogsta, mimi, Mbangladeshi wa ukumbi wa juu na Msudani mmoja. Tende, sambusa, chai ya tangawizi. Mbingu bado nyeupe. Tulikuwa ndio tumetia tende ya kwanza mdomoni, saa nne imefika, na Flogsta nzima ikapiga kelele. Ni desturi ya mtaa huu: kila usiku saa nne wanafunzi hufungua madirisha na kupiga ukelele kwa nguvu zao zote. Msudani ni mgeni, aliruka na kikombe chake. Tulicheka mpaka chai ikapoa, kisha tukagawana ile keki.

Ijumaa, 6 Juni

Idi imeangukia siku ya taifa la Uswidi. Bendera za buluu na njano zimepandishwa kila mlingoti, na sisi tunapita chini yake tumevaa kanzu na madira kwenda msikitini Kvarngärdet. Msikiti ulijaa ukafurika: Wasomali, Wasiria, Wairaki, Waafghani, watoto wamevalishwa mpaka viatu vinang'aa. Upande wa wanawake, Msomali mmoja aliyelelewa Eastleigh alinisikia nikiitikia kwa lafudhi yangu akaniuliza, "We dada ni wa Tanzania ama ni wa Mombasa?" Alinikumbatia kabla sijajibu. Nilipomwambia kesho naondoka, alinipa mfuko wa halua, akakataa katakata niurudishe.

Mchana nilisafisha chumba, kikakaguliwa, nikakabidhi funguo. Leo nalala kwa dada wa Hawassa. Baiskeli nimemwachia yeye, ana mwaka mwingine mbele yake. Nimemwonyesha mnyororo unapochomoka na jinsi ya kuurudisha bila kuchafuka.

Jumamosi, 7 Juni, Arlanda

Treni kutoka Uppsala hadi uwanja wa ndege haifiki hata nusu saa. Sanduku limepimwa, limo ndani ya kilo 23. Udongo sikubeba, kusafirisha udongo kutoka nchi hadi nchi kuna vibali vyake na sababu zake ni za haki. Nilichobeba ni muundo wa daftari la shambani, safu kwa safu: tarehe, uzito wa samadi, mvua, mavuno yaliyokaushwa, nani amepima. Safu hiyo ya mwisho nimeipigia mstari.

Nimempigia baba kumweleza ninachotaka: vipande vinane vya mita mbili kwa mbili, vinne samadi, vinne SA, visiguswe kwa matumizi mengine.

"Visiguswe mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka nitakapokuwa mzee, baba."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kipande cha juu hawezi kunipa kwa sababu kina karoti, nichukue cha chini, kando ya mto, penye migomba. Nikamweleza kwamba cha chini hakifai, kinapokea udongo unaoshuka kutoka kwa majirani wote, kila tutakachopima kitakuwa cha wengine. Lazima kiwe cha juu, kwenye tuta la babu.

"Lile tuta?"

"Hilohilo."

"Karoti zinavunwa Julai," akasema. "Na samadi ya kupima kwa kilo, nani ataibeba kuipandisha huko?"

Nimemwambia nitaibeba mimi. Yeye anitafutie mizani tu.